Kadi ya Moto Niliyokuficha

Kwako Wekesa, mdogo wangu,

Hukuwahi kupenda barua zinazozunguka. Hata ile ya kuomba chumba cha kupanga kule Kesses, karibu na chuo, uliiandika kwa mistari minne, na Mama akaona aibu kwa niaba yako. Kwa hivyo nalisema jambo lenyewe hapa juu kabla sijapata mahali pa kukimbilia. Zile mechi ulizonishinda miezi yako ya mwisho, nyingi nilikuachia. Nilikuwa na kadi ya moto mkononi nikakwambia sina. Ulikufa ukiamini kwamba ugonjwa umekula akili yako, na aliyekufanya uamini hivyo ni mimi.

Barua hii itasomwa na watu ambao hawaujui mchezo wetu, kwa hivyo nivumilie nikiwaeleza kidogo. Uliuleta nyumbani Yamumbi, hapa Eldoret, ukiwa mwaka wa pili chuoni, unasoma hisabati, umeufundishwa na mwenzako wa chumba. Kila mchezaji hubeba seti ya kadi sitini alizozichagua mwenyewe, na ulikuwa ukisema kwamba mechi ni sherehe tu, kazi yenyewe ni kuchagua. Wewe ulichagua maelfi, wale watu wa msituni wa masikio marefu. Mmoja wao si kitu. Lakini wanaitana, anakuja wa pili na wa tatu, na ukizubaa kidogo meza imejaa na umeshapigwa.

Mama alipowaona mara ya kwanza alivaa miwani yake ya kushonea.

"Wekesa, hawa si mapepo?"

"Zi, Mama, si mapepo. Hawa ni wakulima tu. Wanapanda miti."

"Na masikio?"

"Ya kusikia mvua ikikuja."

Mama aliirudisha kadi mezani, na tangu siku hiyo akawaita wale watu wako wa masikio. Aliwahi hata kuwaombea, au ulidai hivyo, baada ya kumsikia akitaja msitu katika sala yake ya asubuhi.

Hapakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye mtaani kwetu, basi ukanifundisha mimi, dada yako mkubwa, karani wa ghala la mahindi Moi's Bridge, mtu wa kuhesabu magunia. Ukanipa seti ya moto. Sikuichagua, ulinipa kwa sababu moto ndio adui mkubwa wa maelfi. Ndani yake kuna kadi moja, ninazo nne za aina hiyo, na ukiiweka chini inafagia meza nzima. Kila elfi aliyesimama anaungua. Ulitaka adui wa kweli nyumbani, ujue seti yako inaweza nini kabla hujaipeleka kwa watu.

Na ulikuwa na utaratibu wako ambao haukuruhusu mchezo ndani ya mchezo. Kadi moja inatoka, moja inaingia, tunacheza mechi kumi, matokeo yanaandikwa kwenye lile daftari lako la jalada gumu. Kadi mpya ikisaidia inabaki, isiposaidia inaondoka. Hukubadilisha mbili kwa pamoja hata siku moja. Nilikwambia unaniudhi, mbona usitupe tatu nje tumalize, ukanijibu kwamba mtu akinywa dawa tatu siku moja akapona, hajui ni ipi ya kushukuru. Hapo ulikuwa mzima bado.

Kadi uliyoipenda kuliko zote tuliibatiza Bibi Mizizi. Elfi mzee, mgongo umepinda, hapigi mtu. Kazi yake ni moja tu: moto ukipita, anawarudisha wajukuu wake mezani. Uliweka wanne. Kila nilipofagia, Bibi aliwainua, nami nilitamani kuirukia picha yake nimkwaruze uso. Ulicheka mpaka Mama akaja mlangoni kuuliza kama tumeingiwa na pepo.

Kisha figo zikakataa. Sitaandika sana juu ya hilo, ulilijua kwa mwili wako. Ulihama Kesses ukarudi chumba chako cha zamani, Jumanne na Ijumaa ukawa unaenda hospitali kusafishwa damu, na miguu ikawa inavimba hata viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Mimi nilikuja kila Jumamosi. Ulikuwa umeacha kula. Mama alinivuta pembeni siku moja, karibu na karo la kuoshea vyombo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nafula, cheza na yeye. Akicheza anakula."

Tukacheza. Nakumbuka ulivyoweka elfi wa tano mezani, na nakumbuka ulivyosubiri. Ulijua kwamba kama ninao moto, ni sasa. Nilikuwa nao. Niliutazama, nikakutazama wewe, na shavu lako lilikuwa limeingia ndani hata nikaona umbo la meno.

"Uko nayo?" uliuliza.

"Sina."

Ukashinda. Ulicheka, cheko lile la zamani la kupiga paja, halafu ukaitisha ugali. Mama alikuja na sahani akiimba. Nani angeitoa ile kadi baada ya hapo? Jumamosi iliyofuata nikaficha tena. Nikazoea. Katika mechi kumi niliuweka moto mara moja au mbili, ili usishuku, na nikajifunza kuutoa ukiwa umechelewa, meza ikiwa imeshanishinda. Nikawa hodari wa kushindwa. Nilijiambia ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, Wekesa, hilo sitalikana hata ukinikasirikia huko uliko.

Lakini kila mechi uliiandika. Mimi nilikuwa nikimdanganya mgonjwa, nikasahau kwamba nalidanganya daftari pia, na wewe ulikuwa ukiliamini daftari kuliko ulivyomwamini daktari.

Jumamosi moja ulifungua kurasa ukanionyesha kwa kalamu. "Nafu, cheki. Huyu Bibi amekaa kwa mkono mechi kumi bila job. Moto haukuji, ama unakuja late. Ninambeba bure tu."

"Usimtoe Bibi," nikasema.

"Kwa nini? Nipe sababu."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema ukweli. Ningesema, sababu ni kwamba moto unakuja sana, ndugu yangu, ila naukalia. Ungekasirika siku mbili, ungenitukana kwa Kibukusu ukidhani Mama hasikii, na mambo yangekwisha. Nikasema tu, "Nimemzoea."

"Namba hazidanganyi, sista," ukasema, ukamtoa Bibi wa kwanza. Mahali pake ukaweka Mpiga Baragumu, yule kijana anayewafanya maelfi wote wakimbie haraka. Ukashinda mechi nane kati ya kumi. Bibi wa pili akatoka. Ukashinda tisa. Kufikia kipindi cha kuvuna mahindi hakuna Bibi hata mmoja aliyebaki ndani, na ulikuwa na seti ya maelfi wepesi kuliko wote duniani, wasio na mtu wa kuwainua. Uliifurahia. Uliniambia hujawahi kujenga kitu kizuri hivyo, na kwamba hata kama mwili umegoma, kichwa bado kinapiga kazi. Maneno hayo uliyarudia mara nyingi, nami nilitikisa kichwa kukubali.

Mashindano yalifanyika hapa hapa Eldoret, ghorofani juu ya maduka ya simu. Vijana walikuja kutoka Nakuru na Kisumu. Ulivaa ile sweta ya kijani uliyoiita jezi ya maelfi, na uliomba upangiwe kiti karibu na dirisha kwa sababu ya pumzi. Mimi nikakaa ukutani na chupa yako ya maji, ile ya kupimwa, maana hata maji ulikuwa unapewa kwa kipimo.

Mpinzani wa kwanza alikuwa binti mpole mwenye nywele za rasta fupi. Uliwajaza maelfi mezani kwa kasi iliyowafanya watu wasogee kutazama. Kisha akauweka moto, mapema, mahali pake hasa, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Meza yako ikabaki tupu. Ulipekua mkono wako, ukapekua tena, na sote wawili tulijua ulikuwa unamtafuta nani. Hukumpata.

Ukaniangalia. Si kwa kushuku, hukuwa na shaka nami hata chembe. Uliniangalia kama mwanafunzi aliyeona swali ambalo halikufundishwa. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kitambaa ndani ya mkoba.

Ulipoteza mechi zote tano. Wanne kati ya wapinzani wako watano walikuwa na moto. Wa mwisho, jamaa mmoja wa Nakuru, alikupa mkono akakuuliza kwa heshima kabisa, "Bro, mbona hukuweka kinga? Kila mtu hucheza moto." Ukamjibu kwamba ulijaribu na kinga haikuwa na kazi. Alikutazama kwa huruma, na nikaona umeiona hiyo huruma.

Nyumbani ulikaa kitandani na sweta yako bila kuivua.

"Nafu, daktari alisema hii sumu ya damu inaweza fika kwa kichwa. Nafikiri imefika."

"Ni bahati mbaya tu," nikasema.

"Mechi kumi kila kadi. Mwaka mzima. Kitu ambacho kila mtu anajua, mimi nikahesabu nikapata kinyume. Hiyo si bahati."

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tunavyoambiwa tangu utotoni. Yangu ilikuwa ndefu, bado nilikuwa na hatua za kupiga. Ningeweza kusimama pale nikasema. Nilikwenda kukuchemshia uji.

Hukucheza tena. Hilo ningelimudu. Lakini wiki iliyofuata ukawaandikia watu wa chuo kwamba hutarudi hata ukipata nafuu, kwamba huwezi tena kazi ya hesabu. Ukaacha kumuuliza daktari maswali. Ukaacha kubishana na Mama kuhusu chumvi. Ulikuwa mtu wa kubisha, Wekesa, na ubishi ukiondoka ndani ya mtu kama wewe, kinachobaki ni kidogo mno. Ulikaa nasi wiki saba baada ya yale mashindano. Sisemi nilikuua. Figo ndizo zilizokuua, nimeuliza na nimejibiwa. Ninachosema ni kwamba ulizimaliza hizo wiki saba ukijidharau, na sababu ya kujidharau niliitengeneza mimi kwa mikono yangu.

Siku ya kukuzika, mjomba alishika maikrofoni akasema ugonjwa ulimchukua kijana wetu akili kwanza, mwili baadaye. Watu wakaguna kwa uchungu. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, mkono wa Mama umo mkononi mwangu, nikanyamaza tena.

Mwezi uliopita nilifungua daftari lako. Nilirudi hadi ukurasa wa kabla hujaanza kuumwa, nikaijenga seti jinsi ilivyokuwa, Bibi wote wanne ndani. Nikacheza mechi kumi peke yangu, mkono wa kulia wewe, wa kushoto mimi, na kila moto ulipokuja niliuweka bila huruma. Maelfi walishinda saba. Nikarudia kumi nyingine, wakashinda sita. Hesabu yako haikuwa na kosa mahali popote. Ulipewa namba za uongo, ukazifanyia hesabu sahihi, na ukafika hasa mahali ambapo uongo ule ulikuwa ukikupeleka.

Jumapili hii, tulipotoka kanisani, nilimweleza Mama. Nilitandaza kadi mezani kwa sababu maneno peke yake yalikataa. Alikaa kwenye kiti chako. Nikamwonyesha maelfi, nikamwonyesha moto, nikaushika moto kifuani kama nilivyokuwa nikifanya, nikasema, "Hapa ningeuweka. Sikuuweka." Ilibidi nirudie mara tatu. Mara ya tatu akaelewa, nikajua ameelewa kwa sababu alivua miwani.

"Kwa hivyo kichwa chake kilikuwa sawa," akasema.

"Kilikuwa sawa, Mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akamwokota elfi mmoja, akamtazama, akamweka chini.

"Ile asubuhi baada ya mashindano alinililia hapa akisema, Mama, nimekuwa mjinga. Wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Mama hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu kwamba si yeye wa kuambiwa, mwenyewe ndiye wa kuambiwa, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na mpaka ninapoandika haya hajasema nami zaidi ya salamu.

Basi nakwambia, umechelewa kusikia na nimechelewa kusema. Hukuwa mjinga hata siku moja, Wekesa. Mjinga hakuwa mwenye daftari. Pumzika, baba, sina haki ya kukuomba kitu kingine.

Niliyekuwa jikoni,
dada yako.