Kisahani cha Nane

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nundu imetokea! Kisahani cha saba cha kauri, kimekandamizwa kwa mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kuweka. Kufika volti elfu moja, mstari ukaruka juu kama mtu aliyedungwa sindano. Sita vya kwanza vilinipa mistari tambarare hadi nikaanza kuichukia hii Masters. Dkt. Wanjohi, msimamizi wangu, aliangalia kompyuta, akavua miwani, akaangalia tena. Akasema hajaona kitu kama hiki popote. Atakiwasilisha Nairobi wiki ijayo. Jina lake la kwanza, langu la pili. Sawa tu.

Siwezi kutulia. Nimetembea kwa miguu kutoka chuoni hadi chumbani, Kimumu.

Jumanne, 4 Februari 2025
Ciru, ninayeishi naye, aliuliza ni nini hasa kiliruka. Nikamweleza huku nakata sukuma. Kauri yangu hutoa umeme ukiifinya. Ndani ina vijisehemu vidogo sana, domeni, na kila kimoja kina upande kinakoelekea. Kiwandani huvipanga kwa umeme mkali, vyote vitazame juu. Upande huo mimi huutia doti ya rangi nyekundu ya kucha. Ukikandamiza, baadhi hulala kando. Ukipitisha umeme kinyume, hugeuka vyote kwa ghafla, na hapo mstari huruka.

Akauliza kama nilipitisha kinyume. Hapana, nilipitisha kuelekea juu, kama siku zote.

"Sasa mbona ziligeuka?"

Nilicheka. Kisha nikajikata kidole.

Jumatano, 5 Februari 2025
Nimeamka na swali la Ciru. Nimefika maabara kabla ya kila mtu na kufungua boksi. Kimebaki kisahani kimoja, cha nane. Hakina doti! Safi, kinang'aa.

Mzee Mabonga, fundi wetu, alipoingia nilimuuliza.

"Ile vumbi ya wiki jana ilikuwa mbaya, Tabitha. Hizo mbili zilizobaki nilipanguza na spirit. Kulikuwa na uchafu nyekundu, hata hiyo nikatoa."

Alisema kwa fahari. Nitamkasirikia vipi? Mimi ndiye niliyepaswa kuangalia. Sikuangalia. Nilikitumbukiza cha saba kwenye mashine nikidhani kimelala kama nilivyokiacha. Kama kilikuwa juu chini, basi umeme ulikipiga kinyume, na nundu si ugunduzi wowote. Na sasa hakiwezi kunijibu. Umeme ulishazipanga domeni upya, haidhuru mwanzo zilitazama wapi.

Alhamisi, 6 Februari 2025
Nimeenda mlangoni kwa Dkt. mara mbili. Mara ya pili alikuwa kwenye simu, anamwambia mtu kwamba baada ya miaka tisa amepata kitu. Sauti yake ilikuwa changa. Nikarudi.

Mama alipiga kutoka Chepsaita. Mbuzi wa graduation ashaanza kunona. Naogopa hata kumfikiria huyo mbuzi.

Ijumaa, 7 Februari 2025
Nimemwambia. Dkt. akaniuliza:

"Uko sure ilikuwa upside down?"

Sina uhakika.

"Basi huna kitu, Tabby. Rudia na ya nane Monday, tumalize hii maneno."

Vipya vinatoka ng'ambo, miezi mitatu. Kwa hiyo ni hicho kimoja tu.

Halafu nikawaza: cha nane bado hakijaguswa na umeme wangu. Mita itaniambia juu yake ni wapi. Nikikiweka juu chini kwa makusudi, nundu itatoka, Dkt. atafurahi, mbuzi atachinjwa. Naona aibu kuliandika. Lakini nililiwaza, na zaidi ya mara moja.

Jumatatu, 10 Februari 2025
Saa tatu asubuhi. Nimekifinya taratibu kati ya koleo mbili, sindano ya mita ikaenda kulia. Kwa mwelekeo huo juu nimepajua. Doti mpya. Nimekiweka ndani ya mafuta ya transfoma, doti juu. Mzigo uleule wa cha saba.

Volti mia tano, tambarare. Mia nane, tambarare. Elfu moja — nimeshika meza — tambarare. Elfu moja na mia tano. Hakuna kitu.

Kumbe Dkt. alikuwa nyuma yangu. Mzee Mabonga alikumbuka kazi nje, akatoka.

"Toa load. Igeuze, turudie."

Nimemwambia nikikigeuza nundu itatoka, na sote tunajua kwa nini.

"Mimi sijui. Hiyo doti umeweka wewe, leo. Juzi haikuwa."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Macho yake yalikuwa mekundu, nikamwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo inayonitisha. Simu yake ikalia. Ametoka kwenye korido, amesema akirudi akute kimegeuzwa.

Nimeondoa mzigo. Kisahani kiko kiganjani, kinateleza kwa mafuta. Naandika kwa mkono wa kulia. Namsikia akimwambia mtu kwamba slides ziko tayari, zote.

Mlango nimeufunga kwa ndani. Sijui niliinuka saa ngapi kuufunga. Ule mstari tambarare nimeusevu — jina langu, tarehe, saa nne kasoro kumi — na kuutuma kwake na kwa mwenyekiti wa idara.

Kitasa kinazunguka. Sasa anabisha, polepole, kama mgeni.

"Tabitha. Fungua, tuongee."