Kitanda cha Mayu

Ipililo, 6 Julai 2024

Mdogo wangu Mayige,

Mwangaluka. Huku tu wazima, ila mume wangu Onesmo mgongo unamsumbua. Wewe waendeleaje? Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa Mboje barua hii akija Bariadi kuuza viazi. Amesema mama lishe Elina anakufahamu.

Jana tumeanua matanga na kugawa vitu vya mayu, mama yetu. Ulipoondoka baada ya mazishi tulidhani utarudi. Blanketi na sufuria kachukua shangazi Nyanjige. Bati za nyumba yake kapewa baba mdogo Bujiku, ameshaziezua, maana wewe una chumba chako mjini, nyumba ya udongo ya nini? Lakini hatukukusahau: umepewa kitanda. Wote walisema kitu kikubwa kiende kwa mwenye pa kukiweka. Kitakuja na fuso la Marcelo siku ya mnada.

Dada yako,
Kabula

Bariadi, 13 Julai 2024

Dada Kabula,

Salamu nyingi. Mimi mzima kabisa, hofu ni kwenu. Mpe shemeji pole ya mgongo.

Asanteni kwa kitanda. Ila kikae kwako kwanza. Chumba changu ni kidogo na mwenye nyumba ana maneno. Lile blanketi, shangazi analitumia kweli? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Mayige

Ipililo, 20 Julai 2024

Mayige,

Mwangaluka. Hatujambo.

Chumba gani hicho kisichoingia kitanda? Unalala umesimama kama punda? Kitanda kilishaondoka kabla barua yako haijafika. Na shangazi ana miaka sabini, wewe unamtolea macho blanketi! Huna hata haya.

Dada yako,
Kabula

Bariadi, 18 Agosti 2024

Dada,

Salamu. Afya ipo, kikohozi kidogo.

Kitanda kilifika. Marcelo aliuliza ashushe wapi, nikamwambia hapo hapo, kwenye baraza la duka. Akanitazama, akashusha. Sina chumba, dada. Kilinishinda mwaka juzi, kifua kiliponikataza kubeba pamba ghalani. Simu niliiuza. Nina sufuria moja, inakaa kwa Elina, na mashati mawili, na kiroba cha kutandika. Mali yangu yote naibeba kwa mkono mmoja.

Ndiyo maana kitanda kinanitesa. Kila alfajiri mimi na Mwandu, ninayelala naye barazani, tunakihamishia nyuma ya choo cha soko kabla duka halijafunguliwa. Jioni tunakirudisha. Kibarua cha mbali siwezi kwenda, nani atakilinda? Watu wanakikalia wakinywa uji, wananiita bwana kitanda. Seremala anakitaka akitoe mbao. Lakini mayu alituzalia hapo wewe na mimi, siwezi kukiuza bila ninyi kusema. Semeni upesi, mwenye duka amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Mdogo wako,
Mayige

Ipililo, 27 Agosti 2024

Mayige mdogo wangu,

Mwangaluka. Kikohozi hicho nenda kapime.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Onesmo, kisha baba mdogo Bujiku. Bujiku anasema kilichogawiwa matangani hakirudi, na bati ziko juu ya nyumba yake mpya Kasoli. Basi, akae nazo. Kuta za mayu bado zimesimama. Onesmo amekata miti, mimi nakata nyasi, tutaezeka kabla ya mvua. Kitanda usiuze. Marcelo anapita huko Ijumaa, panda nacho.

Nimekukasirikia, sikufichi. Mayu aliumwa miezi mitatu, kila siku akiuliza kama unalala vizuri, nami nikimwambia una chumba chenye umeme. Na siku ya mazishi nilikusindikiza mpaka barabarani, nikarudi nyumbani nakuonea wivu.

Dada yako,
Kabula