Fungate ya Chatu

Mkunazini, Mjini
27 Juni 1969

Shangazi Biasha, shikamoo.

Sisi hatujambo. Sijui wewe na eda huko Jambiani, tangu Maalim Muhiddin afie huko kwao. Nyumba imepoa. Kila nikipita uani naona kama atatokea na kopo lake la maji.

Chatu wake, Bi Mkubwa, amepata mwenzake. Watu wa Kidichi wameleta dume waliyemkamata mikarafuuni. Nikakumbuka neno la Maalim, kwamba nyoka mgeni akae fungate kwanza. Basi nimewafungia sanduku moja siku saba, kama bwana na bibi harusi. Sasa Bi Mkubwa hatoki katika karai la maji, wala hali. Nifanyeje?

Mwanao, Shaame

Jambiani
3 Julai 1969

Mwanangu Shaame, marahaba.

Sijambo, nimo ndani nahesabu siku. Barua yako imenichekesha, kisha nikalia, maana ni kama nilimsikia Maalim akikugombeza. Alisema fungate kwa sababu biarusi hatolewi nje. Hakusema umpe mgeni mke. Umewaozesha, baba, na bwana harusi kaja na utitiri.

Tazama majini. Ukiona vitone vyeusi vinatembea, ndio hao. Wanamnyonya damu, naye anakimbilia maji awazamishe. Watenge chatu hao leo. Waogeshe kwa maji ya vuguvugu, uwapanguse mafuta ya nazi, hasa pembeni mwa macho. Matandiko choma. Masanduku yamwagie maji ya moto mpaka kwenye nyufa, ndiko utitiri wanakotaga, kisha utandike gazeti tupu upate kuwaona. Rudia mpaka ipite miezi miwili huoni hata mmoja. Ukitoka kwa dume, nawa na ubadili kikoi. Dawa ya mbu usipige, itamuua yeye kabla yao.

Maalim alimleta mwaka tuliooana, hajafika urefu wa mkono. Jioni akikaa pale uani akisoma gazeti kwa sauti. Nikimuuliza, "Wansomea mie au nyoka?" Hunijibu, "Nyote wake zangu, ila mwenzio ndiye Bi Mkubwa." Sikujaaliwa mtoto, Shaame. Nikirudi nikikuta sanduku tupu, nyumba ile sitaiweza.

Toka leo neno ni eda, si fungate. Kila mtu peke yake.

Shangazi yako, Biasha

Mkunazini, Mjini
24 Septemba 1969

Shangazi, shikamoo, na nisamehe kimya changu.

Niliogopa kuandika. Dume alikufa Julai, na Bi Mkubwa naye akalala siku nyingi hana nguvu ya kuinua kichwa. Nilishamchimbia shimo chini ya mkomamanga. Nikaendelea tu na maji, mafuta na magazeti.

Kitone cha mwisho nilikiona Julai 22. Juzi amejivua gamba zima, halikukatika popote. Jana amekula kuku. Nimtoe lini nje, uani?

Mwanao, Shaame

Jambiani
30 Septemba 1969

Mwanangu, marahaba, na Mungu akuweke.

Shimo lifukie. Mwache ndani siku zilizobaki, naye kafiwa na mume. Eda yangu inakwisha Ijumaa, tarehe kumi. Nitakuja na gari ya asubuhi. Umtoe siku hiyo, tutoke pamoja.

Kiti cha Maalim kiweke pale pale, na gazeti la siku hiyo usilitandike. Nitamsomea mie.

Shangazi yako, Biasha