Msichana Niliyemfufua

Pigeon Fork, Kentucky,
9 Novemba 2014.

Mpendwa kaka Orrin,

Hujambo huko Alaska, na baridi imekubakishia vidole vingapi? Shemeji Maren na kikohozi chake je? Sisi hatujambo, ila nimetoka kwenye ugomvi mkubwa na Bibi Zelpha, na nataka uusikie kwangu kabla binamu Dorsey hajautia chumvi.

Unajua watoto nawafundisha mwenyewe nyumbani. Hesabu inatushinda sote watatu, lakini muziki tulimwachia Bibi: kila Jumanne wimbo mmoja wa zamani, aliourithi kwa mama yake, usioandikwa popote. Ana miaka tisini na miwili, moyo wake unasuasua, na akiondoka nyimbo zote zinaondoka naye.

Sasa kaka, umesahau nyimbo zile zilivyo? Wa kwanza tu, msichana anatupwa mtoni na mchumba wake. Tolliver ana miaka mitano! Alikataa kuoga siku tatu. Basi mwalimu mkuu, yaani mimi, nikautengeneza mwisho: msichana akaogelea, akasomea uuguzi, akafungua zahanati.

Jumanne iliyofuata wakamwimbia Bibi barazani, naye anachambua maharage. Walipofika kwenye zahanati, akaweka bakuli chini.

"Nani kamfufua huyu?"

Wanangu, damu yangu mwenyewe, wakaninyooshea vidole.

"Shule imefungwa," akasema Bibi. "Bebeni banjo lenu mwende zenu."

Jumanne mbili zikapita kimya. Nilimpelekea mkate wa mahindi. Akaupokea, akazungumza habari za kuku wake tu, nyimbo hakuzitaja. Hapo niliogopa kweli, kaka. Nyimbo zote zile zizikwe kwa kiherehere changu!

Nilipokwenda tena nikamwambia wazi, "Bibi, nimekosa. Hata sijui nimekosa nini."

"Sikiliza, Verlene: yule msichana ana jina. Anaitwa Ottie, mdogo wake mama yangu. Mto ulimchukua, hakupatikana. Hana kaburi, hana jiwe, ana wimbo tu. Wewe ukaenda kumpa zahanati!"

Nililia mbele ya kuku. Nyumbani niliwaeleza watoto, na Ivadell, ambaye tangu azaliwe miaka tisa iliyopita hajawahi kunyamaza, akanyamaza. Jumanne wakaenda wakauimba wote kama ulivyo, mpaka mtoni. Bibi akajifuta macho kwa aproni, kisha akasema Ivadell anaukimbiza ubeti wa nne.

Kwa hiyo shule imefunguliwa. Juma hili ulikuwa wimbo wa ajali ya treni: anakufa dereva, anakufa mchochea makaa, anakufa hata nyumbu wa mizigo aliyekuwa akivuka reli. Tolliver akamvuta Bibi aproni.

"Bibi, huyo nyumbu naye ni ndugu yetu?"

"Hapana, mjukuu wangu."

"Basi si anaweza kupona?"

Bibi alimtazama weee, akakohoa, akaurudia ubeti. Nyumbu akavuka salama. Halafu akanikazia macho mimi.

"Usiniangalie hivyo, Verlene. Nyumbu mwenyewe sikumjua."

Msalimie sana shemeji Maren, na Gudrun mdogo umbusu kwa niaba yetu. Bibi anasema uvae soksi. Mungu akutunze katika barafu hiyo, akulete nyumbani Bibi akiwa bado ana sauti.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Verlene