Mji Uliopoteza Ladha

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na umfikishie shemeji zake kabla hajaketi kwenye redio, maana akishaketi hapo hasikii la mtu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili haujambo. Kuhusu mdomo wangu, nisome hadi mwisho na usiruke mistari, nakujua.

Uliniuliza mbona nimeacha kukutumia vipande vya gazeti nikakujibu kwa mkato kwamba kazi zimenizidi. Haikuwa kweli.

Kazi yangu unaijua: mwaka wa sita huu nakula mji huu na kuuandika. Wiki hii hoteli, wiki ijayo kibanda cha baga, nyingine soko. Nazunguka na mpiga picha wetu, tunayemwita Miwani. Yeye anapiga picha, mimi naonja, na Jumamosi watu wanasoma ndipo wanaamua waende kula wapi. Mhariri alizoea kusema ulimi wangu ni mali ya gazeti. Nami nilimwamini, ndiyo shida yenyewe.

Mambo yaliharibika niliporudi kazini baada ya ile homa iliyonilaza. Nilianza na hoteli moja ya vitambaa vyeupe, ambako wahudumu hutembea kama wanaingia msibani. Wakaniletea supu ya samaki. Nilitia kijiko mdomoni nikahisi maji ya moto, basi. Nikatazama huku na huku: watu wanakula, wengine wamefumba macho kwa utamu. Nikajiambia hawa wamezoea kudanganywa. Nikaandika kwamba huenda mpishi mkuu ameondoka na wenyewe wanaficha.

Wiki iliyofuata, kwenye mkahawa wa ghorofani, kuku alikuwa kama pamba. Kwenye duka la keki, keki kama sifongo ya kuoshea vyombo. Nikaanza kushuku kwamba kuna mtu anayeuzia mji mzima viungo bandia, nikaenda sokoni kumtafuta. Nilikatiwa nanasi la manjano, linachuruzika, lakini kulitafuna ni sawa na kutafuna kitambaa kilicholowa. Nilimuuliza mama mwenye meza amelipaka nini. Alinipima kwa macho toka juu hadi chini, akaniambia nimwachie nanasi lake niende zangu.

Nikaingia upande wa samaki, na hapo shaka yangu ikagonga dari. Hapakuwa na harufu. Soko la samaki, saa saba mchana, jua la utosini, nzi wanatua juu ya ndoo za matumbo, na harufu hata chembe. Nikaandika kwenye daftari kwamba wananyunyizia dawa. Miwani alikuwa nyuma yangu, amejiziba pua kwa kola ya shati. Nikadhani anaigiza.

Naam, hata Miwani nilimshuku. Kila chakula nilichokisukuma pembeni, yeye alikimaliza na kulamba vidole. Nikawaza wamemhonga. Nikawa nachungulia simu yake akiiacha mezani. Siku moja nikaingia kwa mhariri, nikafunga mlango, nikamwambia kuna mtu anayewatonya wapishi kabla hatujafika. Mhariri akasema atalifikiria. Kuanzia hapo Miwani akawa anaitwa kwenye vikao nisivyoalikwa, nami nikavishuku na vikao.

Katika hali hiyo ndipo tulipofika kwenye kibanda cha baga karibu na kituo cha mabasi. Kina stuli saba na kikaango kimoja kipana. Mwenyewe ni mzee mjane, kila mtu humwita Mjomba. Yeye anakaanga, binti yake anakanda nyama na kukata vitunguu, na wakati wa mchana foleni ya watu wa maofisini ilikuwa inafika barabarani. Nilikula baga nzima. Niliyoyaandika nayakumbuka neno kwa neno: “Nyama haina chumvi, haina pilipili, haina heshima kwa mlaji. Nashuku ni mkate uliosagwa.” Gazeti lilitoka Jumamosi. Jumatatu foleni ilikuwa ya watu wanne. Haukupita mwezi, binti akaenda kutafuta kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wageni, na Mjomba akabaki na stuli zake.

Alikuja ofisini siku ya Jumatano, shati limepigwa pasi, mkononi mfuko wa karatasi. Mhariri alimkaribisha kwa adabu, akaniita mimi na Miwani. Nilijua amekuja kugomba. Badala yake aliketi, akaeleza polepole kwamba siku ile niliyokula kwake binti alisahau, akatia chumvi mara mbili kwenye beseni zima la nyama. Kabla hawajagundua, baga kumi na mbili zilikuwa zimeshauzwa; wateja kumi na mmoja walirudisha zao, naye akawaomba radhi mmoja mmoja. Wa kumi na mbili nilikuwa mimi, na mimi sikurudisha. Alisema alipolisoma gazeti aliamini nimetumwa na washindani wake, akanichukia siku nyingi. Kisha akakumbuka jinsi nilivyokula: taratibu, mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka.

Akatoa baga mbili, moja akampa Miwani, moja akanipa mimi. Miwani aling'ata, macho yakamtoka nyuma ya vioo, akakimbilia kapu la taka. Nikamtazama kwa dharau, nilijua wamepanga. Nikala yangu yote, nikafuta vidole, nikasema bado haina chumvi.

Mhariri aliinuka akaenda kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi. Mjomba akanisogezea glasi ya maji.

“Kunywa, mwanangu,” alisema. “Nimetia konzi nzima ya chumvi humo. Nilidhani una roho mbaya. Kumbe unaumwa.”

Daktari wa pua na koo alininusisha pamba yenye siki, yenye kahawa, yenye karafuu. Nilimwambia zote ni pamba. Alisema homa ile imeniachia ubovu huo; huenda ladha ikarudi, huenda isirudi, na yeye hapigi ramli. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Nilizunguka mji mzima nikimtafuta mwizi, naye kalala kinywani mwangu.

Niliyaandika yote gazetini kwa jina langu. Mhariri amenihamishia meza ya kusahihisha makosa ya herufi. Vile vikao vya Miwani, kumbe alikuwa anahojiwa kwa maneno yangu. Nilipomwomba radhi alisema amesikia, hakusema amesamehe. Kwa Mjomba nilikwenda mwenyewe. Wateja wamerudi nusu, binti hajarudi. Aliniomba nisiandike tena habari zake, hata kwa kumsifu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu badala ya simu. Nilipokuja kwako kupumzika baada ya homa, nilikunywa chai nikakunong'oneza kwamba yule mama anayekupikia anatia maji kwenye maziwa na mazuri anapeleka kwake. Ulibisha. Ulisema amekaa nawe miaka tisa, amewauguza wanao kama wake. Nikakujibu kwamba ulimi huu haudanganyi, watu wananisoma kwa ajili yake. Siku ile ile ulimwambia afungashe. Nilikuwa barazani alipotoka na beseni lake kichwani. Akaniaga hata mimi, akaniita mama mdogo.

Maziwa hayakuwa na maji. Na lililo gumu zaidi ni hili: nilijua. Asubuhi ile, kabla ya chai, nilikuwa bafuni kwako nikainusa ile sabuni yako ya waridi, sikusikia kitu. Nikainusa tena. Nilisimama pale mpaka mkaniita mezani. Nikaona afadhali mwizi awe jikoni kwako kuliko awe mimi, na tangu hapo nikaendelea hivyo hivyo, jiko kwa jiko, mpaka Mjomba aliponikamata mkono.

Usiende kumtafuta kwa niaba yangu. Nakuja Ijumaa, na sitaingia kwako kabla sijafika kwake. Ninachokuomba ni unielekeze njia. Nimekula mkono wake miaka tisa, kila nilipokuja kwako, na sijui anaishi wapi.

Wabusu wanangu, na mwambie shemeji asinipikie lolote la pekee. Ukinikasirikia utakuwa na haki. Nikasirikie, lakini nijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba