Kiti cha Mtini Kilichoshushwa Mchangani

Mpendwa Selipher, mtoto wa dada,

Ujue huku Riyadh hakuna mwindaji anayepiga hata sungura kabla ya kumuuliza anko wako. Natumaini madam wako huko Jeddah amepona mguu na sasa anakuacha ulale.

Bosi alinunua kiti chepesi cha kuwindia, kile cha kufungwa juu ya mti. Lakini huko jangwani kwake miti inanifika kiunoni! Akaniambia, "Josphat, kifanye kikae chini." Nikakitia miguu mifupi, nikaweka mbao pana kisizame mchangani, nikakivika magunia ya rangi ya mchanga. Fundi wa Ujerumani angeona haya.

Jana akasema, "Yalla, kaa wewe kwanza, nione kama unaonekana." Nikajifunga mkanda wa kiti, nikatulia kichakani. Yeye akaenda mbali na bunduki. Selipher, kazi yangu ilikuwa nzuri mno. Hakujua tena niko kichaka kipi. Sungura akapita mbele yangu, na mdomo wa bunduki ukamfuata mpaka ukanitazama mimi. Mkanda ukakataa kufunguka. Sauti nayo ikakwama.

Kesho anataka nikae tena, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko mikononi mwake. Usimwambie mama yako. Ukipiga simu jioni nisishike, piga tena, usichoke.

Madereva wenzangu nimewaambia nilimfokea bosi akashusha bunduki. Wewe nikuambie ukweli: sauti ilipotoka, nilikuwa namlilia mama.

Ni mimi anko wako,
Josphat