Mihogo ya Kavindu

Makindu,
Oktoba 9

Mpendwa mdogo wangu Katunge,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, shemeji Waithaka na watoto. Natumai barua hii itakukuta na afya, na kwamba ule mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima, ila jua ni kali na mbuzi wamekonda hadi wanatutia aibu. Usishangae kupata barua enzi hizi. Simu zangu hupokei, na ukipokea unaniambia una wateja, kana kwamba madereva wote wa malori wa Mtito Andei hula kwenye hoteli yako kwa wakati mmoja. Basi nimempa mama mkwe wako, mama Wacuka, akuletee mkononi, na nimemwomba asiende popote hadi umalize kusoma.

Nilikuona kwenye mazishi ya mama. Ulisimama nyuma pamoja na watu wa Waithaka, na chakula kilipotolewa mlikuwa mmeshaenda. Watu walisema yao. Mimi sikukasirika, maana najua ulichobeba moyoni tangu uondoke nyumbani. Kila binti aliyeolewa kutoka boma letu alitoka na mzigo wa mashina ya mihogo ya mama, ya kwenda kupanda kwake. Mimi nilipewa, shangazi zetu walipewa, hata binti za majirani. Wewe peke yako ulitoka mikono mitupu, kwa sababu ulienda kwa Waithaka kabla ya mbuzi wa ntheo kuletwa kuhalalisha ndoa, na mama akatangaza mbele ya wanawake wa kanisa kwamba asiyeletewa mbuzi si mke wa mtu, na asiye mke wa mtu hapewi vipando. Hata ntheo ilipoletwa baadaye, hakulitengua neno hilo, nawe hukumuuliza. Nyinyi wawili mlifanana kwa ukaidi mkanimaliza mimi niliye katikati.

Sasa nataka nikueleze habari za mihogo hiyo, na nakuomba usiitupe barua hapa.

Unajua mihogo mitamu yote ya upande huu iliitwa Kavindu, kwa jina la mama. Ilichemka upesi, ikapasuka kwenye sufuria ikawa unga mtupu. Mama hakumnyima mtu. Alikuwa akisema mbegu ni ya Mungu, yeye ni kisu tu. Basi mwaka juzi watu wakaanza kulalamika. Majani yalikuwa mazuri, lakini ukiukata muhogo, ndani una madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa, na ni mchungu hadi mbuzi anageuza uso. Unajua walifanya nini, Katunge? Walirudi kwa mama kuomba vipando vingine, kwa kuwa vyake ndivyo vya asili. Naye akawakatia mashina manene kuliko yote, huku akiwalaumu kwamba hawajui kulima. Wakapanda upya, na ikaoza upya.

Ndipo akaja msichana mmoja wa maabara ya mimea, anaitwa Yvonne. Alikata muhogo wa mama hapo kwenye kizingiti cha jikoni, akaangalia ndani. Kisha alimweleza mama kwamba muhogo ukipandwa kwa shina hauzai mwana, unajirudia wenyewe. Mihogo yote ya Kavindu kijiji kizima ni mmea mmoja uliokatwa na kuhamishwa, na ugonjwa ulioingia kwenye mmea wa hapa, labda umeletwa na wale nzi weupe wadogo, umesafiri ndani ya mashina, pengine ukijificha miaka mingi, hadi kila shamba. Mama aliuliza polepole kama anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyewapa watu ugonjwa. Yvonne, mtoto wa adabu, alijibu kwamba si yeye, ni vipando. Mama akamwambia basi hakuna tofauti, vipando ni yeye.

Kulikuwa na tumaini moja. Yvonne alisema ncha ya juu kabisa ya shina, kikonyo kidogo kuliko punje ya wimbi, mara nyingi ugonjwa huwa haujakifikia. Wao hukikata kwa kisu chembamba, wakakilisha ndani ya chupa, kikaota na kuzaa miche safi ambayo bado ni Kavindu yule yule. Mama alikubali. Alipopelekwa kuiona, alicheka hadi akashika mlango, kwamba amelima maisha yake yote na sasa muhogo unanyonya chupa. Aliporudi alichukua jembe. Alisema miche safi haiwezi kurudi kwenye nyumba chafu.

Dada, nilimfuata mama nyumba kwa nyumba. Kila mlango aliogonga aliomba msamaha kwanza, kisha akaomba ruhusa ya kung'oa. Wengine walimkumbatia. Mwanamke mmoja, ambaye alilelewa kwa mihogo hiyo hiyo, alimwambia amewalisha sumu na anajifanya mtakatifu. Mama aliinamisha kichwa, akang'oa, akakusanya, akachoma moto. Nilimsihi aache vijana wafanye kazi hiyo, akanijibu kwamba wakati wa kugawa hakutuma vijana. Moyo wake ulikuwa na shida tangu zamani, unajua. Daktari anasema ulichoka tu. Mimi nasema ulivunjika.

Alikufa akijua miche imesimama kwenye chupa, na kwa hilo namshukuru Mungu. Haikudumu. Baada ya mazishi chupa ziliingia kuvu, moja baada ya nyingine, hadi zote zikatupwa. Yvonne alinipigia akilia. Alitaka shina jingine la Kavindu ajaribu tena, na mimi sikuwa nalo, kwa sababu mama alikuwa amechoma kila kitu. Hakuna Kavindu iliyobaki upande huu wote. Nilipita shambani siku hiyo nikaona udongo mtupu, nikalia kuliko nilivyolia makaburini.

Lakini iko mihogo nyuma ya hoteli yako, karibu na tangi la maji. Umeniambia mwenyewe zamani kwamba mama Wacuka alikupandia ulipofika, kama makaribisho, na kwamba mama mkwe alikufanyia jambo ambalo mama mzazi alikunyima. Katunge, si yake. Mwulize, amekaa hapo mbele yako. Mama alikata mzigo wako siku ile ile uliyoondoka. Alimtafuta mama Wacuka soko la Kibwezi, akamkabidhi, akamwapisha asiseme vimetoka wapi. Alikuwa ameshatangaza mbele ya watu na hakuweza kumeza maneno yake, wala hakuweza kukuacha bila chakula. Na kila walipokutana sokoni aliuliza kama mihogo yako inachemka vizuri. Mwaka huu mama Wacuka akamjibu kwamba inachemka, ila siku hizi Katunge anatoa madoa kwa kisu.

Aliniambia haya siku ya mwisho ya kung'oa. Alisema imebaki nyumba moja, na huko atakwenda mwenyewe, maana ana maneno mawili ya kusema, na moja si la mihogo. Miguu haikumfikisha. Alinituma nikuambie ung'oe, ila nisikuambie imetoka kwake, ili usiumie mara mbili. Nimemwasi mama yangu aliye kaburini. Naona bora uumie mara mbili kuliko uishi ukidhani hukupewa.

Mvua i karibu, na nasikia majirani zako wameanza kukuomba vipando. Tafadhali usimpe hata mmoja. Nitafika Jumamosi pamoja na Yvonne. Atachukua ncha chache, na hakuahidi chochote. Mengine yote tutayang'oa na kuyachoma. Usianze peke yako.

Msalimu Waithaka, wabusu watoto, na usimlaumu mama Wacuka, alishika kiapo cha mwenzake vizuri kuliko ndugu wengi. Mungu akutunze hadi tuonane. Ulipewa, mdogo wangu. Ulipewa mashina yale yale tuliyopewa sisi wote, pamoja na ugonjwa wake.

Ni mimi dada yako,
Mwongeli